Simu ya gemu, joto na betri: mambo ya kujua kabla ya kutoa pesa zako

Umeweka akiba miezi kadhaa. Unatoka Kirewa kwenda Tororo mjini, au unafika Busia, na muuzaji anakuonyesha simu yenye mgongo unaowaka taa. Anakuambia hii ni simu ya gemu, ina nguvu kuliko zote, na betri yake ni kubwa. Unaishika mkononi na unaipenda papo hapo.

Kabla ya kulipa, jiulize swali moja ambalo halijaandikwa kwenye boksi: simu hii ikipata joto, itafanya nini? Joto ndilo linaloamua kama simu itabaki na mwendo wake, kama chaji itafika jioni, na kama betri itadumu mwaka mmoja au mitatu.

Kwa wengi wetu simu si ya gemu peke yake. Pesa za simu ziko humo, na ujumbe wa msaada, shule au kliniki huingia humo. Mwaka 2008, Wakenya waliokimbia ghasia za baada ya uchaguzi walivuka mpaka na kupokelewa Mulanda, hapa Tororo, kabla ya wengi wao kuhamishiwa Kiryandongo. Familia ikigawanyika namna hiyo, simu ndiyo kamba inayoiunganisha. Simu iliyozimika saa kumi na mbili jioni ni hasara kubwa kuliko gemu iliyokatika katikati.

Simu ya gemu ni nini hasa?

Ni simu iliyotengenezwa ili ifanye kazi nzito kwa muda mrefu. Kampuni ya ASUS ilitoa ROG Phone ya kwanza mwaka 2018, ikiwa na feni ndogo ya kubandika nyuma. Mwaka 2019 kampuni ya Nubia ikatoa Red Magic 3 yenye feni ndani ya simu yenyewe. Simu za aina hii ni ghali, na kwa bei ya moja unaweza kununua simu kadhaa za kawaida.

Katika maduka ya kwetu utaona zaidi simu za Tecno na Infinix, ambazo zote ni za kampuni mama moja ya China, Transsion. Tecno ina simu za Pova, na Pova 2 ya mwaka 2021 ilikuja na betri ya mAh 7000. Infinix ina simu za GT. GT 20 Pro ya mwaka 2024 ina betri ya mAh 5000 na skrini inayobadilisha picha hadi mara 144 kwa sekunde.

Kwa nini simu hupata joto?

Ndani ya simu kuna chipu inayofanya hesabu zote. Gemu ikiwa nzito, chipu hufanya kazi nyingi na kula umeme mwingi, na karibu umeme wote huo huishia kuwa joto. Simu nyingi hazina feni, kwa hiyo joto hutoka kupitia mgongo na skrini, yaani kupitia mkono wako.

Joto likizidi, simu hujilinda. Inapunguza mwendo wa chipu ili isiungue, inapunguza mwangaza, na wakati mwingine inasimamisha kuchaji. Ndiyo maana gemu inakwenda vizuri dakika kumi za kwanza, halafu inaanza kukwama. Simu haijaharibika, imechoka kwa joto tu.

Kwa hiyo usishangae ukiona simu mbili zenye chipu ya aina moja, moja inakwama na nyingine haikwami. Tofauti yao ni jinsi zinavyotoa joto. Simu nzuri za gemu huwa na kijisanduku bapa cha shaba chenye maji kidogo sana ndani. Fikiria sufuria yenye mfuniko: maji yanachemka chini, mvuke unapanda, unagusa mfuniko uliopoa, unageuka matone na kurudi chini. Kijisanduku kile hufanya vivyo hivyo. Maji hugeuka mvuke pale palipo na chipu, mvuke unabeba joto hadi upande uliopoa, kisha unarudi kuwa maji.

Feni ya ndani nayo husaidia, lakini inavuta hewa, na hewa ya barabara za murram wakati wa kiangazi imejaa vumbi. Vumbi likijaa kwenye tundu la feni, feni hupiga kelele na nguvu yake hupungua. Ukinunua simu yenye feni, safisha matundu yake mara kwa mara kwa brashi laini iliyo kavu. Usimwage maji.

Betri kubwa itakaa muda gani?

Hesabu yake si ngumu. Betri ya mAh 5000 hubeba umeme wa takribani wati 19 kwa saa moja. Gemu nzito, mwangaza ukiwa juu na intaneti imewashwa, inaweza kula wati 5 hivi. Gawanya 19 kwa 5, na unapata muda usiofika saa 4. Ukiambiwa betri hiyo itakaa siku mbili, maana yake ni siku mbili za kupiga simu na kusoma ujumbe. Gemu haimo katika hesabu hiyo.

Sasa fikiria unachaji kwa paneli ya sola ya wati 10. Hata jua likiwa kali, paneli hiyo mara nyingi hutoa wati 6 au 7, na sehemu nyingine hupotea njiani. Utahitaji karibu saa 4 za jua zuri ili kuijaza. Kwa maneno mengine, mchana mzuri wa jua unaliwa na mchana mmoja wa gemu. Kama unalipia kuchaji kibandani, kila mchezo mrefu una bei yake, hata kama gemu yenyewe ni ya bure.

Pawabanki iliyoandikwa mAh 10000 haitajaza simu hiyo mara mbili. Sehemu ya umeme hupotea wakati wa kuhamisha. Tegemea mara moja na ziada kidogo.

Kinachoua betri

Betri za simu ni za lithiamu, nazo huchakaa kila zinapojazwa na kumalizwa. Tangu Juni 2025, sheria za Umoja wa Ulaya zinataka betri ya simu mpya inayouzwa huko ibaki na angalau asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kujazwa kikamilifu mara 800. Ukijaza mara moja kila siku, hiyo ni zaidi ya miaka miwili. Lakini joto linafupisha umri huo. Apple huwashauri wateja wake wasitumie simu mahali penye joto la zaidi ya nyuzi 35. Chumba cha mabati saa nane mchana kinaweza kupita hapo kwa urahisi.

Uchovu wa betri unagusa mwendo pia. Desemba 2017 Apple ilikiri kwamba ilikuwa ikipunguza mwendo wa baadhi ya iPhone zenye betri zilizochoka, ili zisizimike ghafla. Kwa hiyo simu ya zamani ikianza kuwa nzito, huenda haihitaji kutupwa. Muulize fundi kwanza kuhusu betri.

Mambo ya kufanya ni haya:

- Ukichaji kwa sola, weka paneli juani na simu kivulini. Tumia waya mrefu. Simu iliyolala juani kando ya paneli inapata joto la jua na joto la kuchaji kwa pamoja.
- Usicheze gemu huku unachaji. Baadhi ya simu za gemu, kama GT 20 Pro, zina mpangilio wa kupeleka umeme wa chaja moja kwa moja kwenye simu bila kupitia betri. Kama yako inao, uwashe. Kama hauna, subiri ijae kwanza.
- Vua kava unapocheza au unapochaji. Kava nene ni kama blanketi.
- Punguza mwangaza na ubora wa picha ndani ya gemu. Skrini ya 120 au 144 irudishe 60. Macho yatazoea, na betri itakushukuru.
- Jaribu kuchaji simu ikiwa na asilimia 20 na kuitoa ikifika 80 au 90. Usiiache ijae na kubaki kwenye chaja usiku kucha.
- Ukiwa karibu na mpaka, Busia au Malaba, simu inaweza kurukaruka kati ya mitandao ya Uganda na Kenya. Kutafuta mtandao hula betri, na kuunganishwa upande wa pili kunaweza kula pesa. Ingia kwenye mipangilio uchague mtandao wako mwenyewe, na uzime huduma ya kutumia mtandao wa nje.
- Simu ikiwaka moto, izime na uiweke kivulini penye hewa. Usiitie kwenye friji wala kuifunga kwa kitambaa kibichi. Maji huingia ndani na kuiharibu.

Unaponunua simu iliyotumika

Simu nyingi za gemu zinazofika kwetu zimeshatumika, na simu iliyochezewa sana huwa na betri iliyochoka. Usinunue kwa haraka. Mwombe muuzaji nusu saa, kisha fanya hivi:

1. Piga *#06#. Itatokea namba ya utambulisho wa simu. Ilinganishe na iliyo kwenye boksi na kwenye mipangilio. Zikitofautiana, iache. Mwaka 2012 Kenya ilizima simu bandia kwenye mitandao yake, na waliopoteza pesa ni wanunuzi.
2. Tazama mgongo na kingo za skrini. Mgongo ukiwa umevimba au skrini imeinuka, betri imevimba. Usiinunue hata kwa bei ya kutupa.
3. Andika asilimia ya chaji, halafu cheza gemu au rekodi video kwa dakika 15. Ikishuka kwa asilimia 15 au zaidi katika muda huo, betri imechoka. Angalia pia kama inaanza kukwama au inaunguza mkono.
4. Chomeka chaja. Hakikisha inapokea umeme na tundu la waya halichezi.
5. Weka laini yako, piga simu, fungua intaneti. Baadhi ya simu zilizotengenezwa kwa soko la nchi nyingine hazishiki vizuri mitandao ya hapa.
6. Hakikisha mwenyewe wa zamani ameondoa akaunti yake ya Google mbele yako. La sivyo, siku utakapoifuta simu itakudai neno la siri usilolijua.
7. Dai risiti yenye namba ya simu hiyo. Ukisimamishwa njiani au mtu akidai ni yake, karatasi hiyo ndiyo itakayokutetea.

Usalama nyumbani

Mwaka 2016 Samsung iliziondoa sokoni simu zake za Galaxy Note 7 duniani kote kwa sababu betri zake zilikuwa zikishika moto. Ikiwa kampuni kubwa hivyo ilikosea, betri ya bei rahisi isiyo na jina ni ya kuogopwa zaidi. Katika nyumba za nyasi au za turubai, moto mdogo unaweza kuchukua kila kitu.

Usichaji simu chini ya mto, juu ya godoro au karibu na chandarua. Betri ikivimba, izime simu, acha kuchaji, usiitoboe wala kuibonyeza. Itoe nje, iweke juu ya udongo au mchanga mbali na nyumba na watoto, kisha mwite fundi mwenye uzoefu. Usiitupe kwenye moto wa takataka wala chooni.

Basi ununue au usinunue?

Kama kazi yako ni kupiga simu, kutuma pesa na kusoma ujumbe, simu ya gemu ya bei ya juu haitakufaa zaidi ya simu ya kawaida yenye betri kubwa. Kama unacheza Free Fire au eFootball jioni na marafiki, simu ya kati yenye betri ya mAh 5000 au zaidi inatosha ukipunguza ubora wa picha. Simu ya juu kabisa inamfaa anayecheza muda mrefu kila siku, au anayetengeneza video kwa kipato, na mwenye umeme wa uhakika.

Na kwa vijana wanaotumia simu moja ya familia: kabla ya kuanza gemu, kubalianeni nyumbani kwamba asilimia 30 ya mwisho haiguswi. Mama akihitaji kupiga simu usiku kwa sababu mtoto ana homa, simu iwe bado inawaka.