Likasi: Jaribu pampasi moja ya mgonjwa mkubwa kabla ya kulipa pakiti nzima

Mjini Likasi, kilomita karibu 120 kutoka Lubumbashi, familia inayotunza mzee aliyepooza ao mgonjwa asiyeweza kuzuia mkojo inajua hesabu hii: kila shuka linalolowa usiku ni bidoni nyingine ya maji asubuhi. Pampasi za watu wazima zinapunguza kazi hiyo, lakini ni ghali, na maandishi ya pakiti hayasemi yote.

Ndani ya pampasi mna nyuzinyuzi za mti na chembe nyeupe zinazogeuka uji mzito zikilowa. Chembe hizo zinanyonya maji safi mengi sana. Mkojo una chumvi, na chumvi inazipunguzia nguvu, kwa hiyo anayejaribu kwa maji ya bomba anajidanganya. Hata kipimo cha kimataifa, ISO 11948-1, kinazamisha pampasi nzima katika maji ya chumvi bila mtu kuikalia. Mgonjwa haogelei ndani ya pampasi yake, anailalia.

Jaribio la nyumbani ni rahisi, muuzaji akikubali kutoa moja. Katika litre moja ya maji, tia kijiko kidogo kimoja na nusu cha chumvi. Mwaga mililita 300, karibu mkojo wa mara moja, pale unapotokea. Ngoja dakika kumi, weka kitambaa kikavu juu yake, kisha kandamiza kwa nguvu. Kitambaa kikilowa, ngozi ya mgonjwa pia italowa. Rudia mara ya pili, maana usiku ni mrefu.

Choo kikubwa ni jambo lingine. Chembe zile hazinyonyi uchafu mzito. Kinachouzuia ni zile kuta ndogo zenye mpira kando ya mapaja, na mara nyingi zinafichwa ndani wakati wa kuvalisha. Zisimamishe kwa kidole. Wengi pia wanachagua saizi kubwa kupita kiasi wakifikiri itabeba zaidi, kumbe inaacha nafasi kwenye mapaja na kuvujia hapo. Pima kiuno na nyonga kwanza. Na pampasi yenye choo inabadilishwa palepale, hata kama bado ni kavu.

Kumnyima mgonjwa maji ili pampasi idumu ni kosa: mkojo unakuwa mkali na kusumbua kibofu.

Kwa mama aliyeanza kuvuja mkojo ao choo kisha kuzaa kwa shida, pampasi si dawa. Huenda ni fistula, na inatengenezwa kwa upasuaji, kama inavyofanywa katika hospitali ya Panzi huko Bukavu. Amuone kwanza mganga wa hospitali iliyo karibu.