Mbuga si zizi: Wanyama wanahitaji ushoroba

Kwa miaka mingi nimewafundisha wanafunzi wangu wa isimu kwamba maana ya neno hubadilika polepole, bila ya wasemaji wenyewe kutambua. Mfano niupendao ni neno ‘mbuga’. Hapo kale mbuga ilikuwa uwanda mpana wa nyasi, usioonekana mwanzo wala mwisho. Leo hii, mwulize mwanafunzi yeyote wa shule ya msingi humu nchini, naye atakwambia kuwa mbuga ni mahali palipozungushiwa ua, penye lango, na pa kulipia kiingilio. Neno lililotaja upana wa ardhi sasa lataja mipaka yake.

Sikulifikiria jambo hili nje ya darasa hadi nilipokuwa mjenzi wa ua mimi mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilinunua kiwanja cha nusu ekari upande wa Kitengela, kusini mwa Nairobi. Nikafanya afanyavyo kila mtumishi mwenye hatimiliki mpya mkononi: nikasimamisha nguzo na kuvuta seng’enge. Mvua zilipoanza, asubuhi moja niliwakuta punda milia sita wamesimama uani pangu wakitazama upande wa pili. Mzee mmoja wa Kimaasai aliyekuwa akipita na ng’ombe wake aliniambia kwa upole: “Mwalimu, hao hawajapotea. Ni wewe uliyejenga njiani.” Nilikosa la kumjibu, na mtu wa taaluma yangu si kawaida yake kukosa maneno.

Mzee yule alisema kweli. Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1946, ikiwa ya kwanza nchini, nayo ina ukubwa wa kilomita mraba 117 tu. Upande wa jiji imefungwa kwa ua, lakini upande wa kusini, ng’ambo ya mto Mbagathi, iliachwa wazi. Uwazi huo haukuwa uzembe. Wakati wa kiangazi wanyama huingia mbugani kwa ajili ya maji. Masika yakifika hutoka kwenda nyanda za Athi na Kapiti, ambako nyasi ni fupi na zenye rutuba, nako huzalia. Kwa hivyo mbuga ile ni chumba kimoja tu cha nyumba kubwa. Mwishoni mwa miaka ya 80 ardhi ya pamoja ya ufugaji ya Kitengela iligawanywa kwa watu binafsi, kisha ikakatwakatwa kuwa viwanja, na nyumba na viwanda vikafuata barabara. Misururu ya nyumbu iliyokuwa ikihesabiwa kwa maelfu imepungua mno.

Mwaka 1967 wataalamu wawili wa Marekani, Robert MacArthur na Edward Wilson, walichapisha kitabu juu ya viumbe wa visiwani. Walionyesha kuwa kisiwa kikiwa kidogo na kikiwa mbali na bara, huwa na aina chache za viumbe, na zinazotoweka hazirejei kwa urahisi. Mbuga iliyozingirwa na viwanja ni kisiwa cha nchi kavu. Msimu ukiwa mwema hatutambui. Ukame unapobisha hodi ndipo mnyama huhitaji mahali pa kukimbilia. Katika ukame wa mwaka 2022, serikali ilitangaza kuwa ndovu 205 na nyumbu 512 walikufa katika muda wa miezi tisa. Sisemi kwamba njia wazi zingewaokoa wote. Mvua hailetwi na njia. Lakini aliyefungiwa hana hata la kujaribu.

Wenzetu wa Tanzania wana neno zuri kwa njia hizi: ushoroba, na kwa wingi shoroba. Sisi tunalijua kama ujia mwembamba wa baina ya vyumba au nyumba, nao wameupa mnyama. Tusidhani hata hivyo kwamba Kenya haina mfano wa kuigwa. Kati ya msitu wa Mlima Kenya na ule wa Ngare Ndare upo ushoroba wa kilomita 14 hivi, unaopita katikati ya mashamba makubwa. Chini ya barabara kuu ya Nanyuki kwenda Meru palijengwa kivuko, na mwanzoni mwa mwaka 2011 ndovu dume aliyepewa jina la Tony akapita, na wengine wakamfuata. Mwaka 2013 UNESCO iliongeza eneo hilo la kaskazini katika urithi wa dunia wa Mlima Kenya.

Kivuko kile, hata hivyo, kilijengwa baada ya barabara na mashamba kuwapo, na kuchimba chini ya barabara ni ghali kuliko kuacha pengo katika ramani kabla ya kugawa ardhi. Hapo ndipo ugomvi wangu na wapangaji wetu ulipo. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inaruhusu mwenye ardhi binafsi kuitenga sehemu yake kwa uhifadhi. Lakini mfugaji ambaye simba amemla ndama, na ambaye dalali wa ardhi anambishia mlango kila wiki, ataiachaje wazi bure? Kusini mwa Nairobi, tangu mwaka 2000, baadhi ya familia zimewahi kulipwa kwa kila ekari ili zisiuze wala kuweka ua. Malipo yalikuwa madogo na yalitegemea wafadhili. Kwa maoni yangu, gharama hiyo ni ya taifa zima. Haifai kubebwa na mfugaji mmoja, wala na hisani ya wageni.

Mwalimu wa Jiografia mwenye darasa karibu na Isinya, Kimana au Voi anaweza kuwatuma wanafunzi wawaulize wazee ni wapi wanyama walipita zamani, kisha waichore ramani hiyo juu ya ile ya viwanja. Kazi hiyo ni ya wiki moja.

Nami nimeng’oa seng’enge ya upande wa magharibi na ule wa mashariki, nikabakiza ua mdogo kuzunguka nyumba. Punda milia hawajarudi, kwani majirani zangu bado wamefunga. Nimewatembelea watatu. Wawili wamekubali kufikiri. Wa tatu, mjane anayesomesha watoto wanne, aliniuliza atalipwa nini, na nani.