Rezista Moja Inavyoigeuza Galvanomita Kuwa Voltimita

Ifungue voltimita ya mshale uone kilichomo. Kuna sumaku, koili ya waya mwembamba, springi mbili ndogo, mshale na rezista. Katika vyote hivyo hakuna kinachopima volti. Koili inahisi mkondo wa umeme tu. Volti zimeandikwa na mtengenezaji kwenye uso wa chombo. Ndani ya voltimita, basi, mna galvanomita, yaani chombo kinachohisi mkondo.

Asili yake ni mwaka 1820, Hans Christian Ørsted wa Denmark alipoona sindano ya dira ikigeuka karibu na waya unaopitisha umeme. Mwaka 1882 Wafaransa Arsène d'Arsonval na Marcel Deprez wakaja na galvanomita ambayo sumaku imetulia na koili ndiyo inayozunguka. Mkondo ukipita, sumaku huisukuma koili upande mmoja, springi zikiivuta kurudi. Nguvu hizo zikilingana, mshale hutulia. Mkondo ukiongezeka mara mbili, mshale nao huenda mara mbili.

Shida ni kwamba chombo hiki hakistahimili umeme mwingi. Chukua galvanomita yenye ukinzani wa omu 100, ambayo mshale wake hufika mwisho kwa miliampea 1. Kwa kanuni ya Ohm, volti 0.1 tu zinatosha kuufikisha huko. Betri ya tochi ya volti 1.5 ingepitisha miliampea 15; mshale ungegonga ukingo na koili ingeweza kuungua.

Dawa yake ni kuunga rezista mfululizo na koili. Tukitaka mshale ufike mwisho kwenye volti 10, ukinzani wote uwe 10 ÷ 0.001, yaani omu 10,000. Koili ina 100 zake, kwa hiyo rezista iwe ya omu 9,900. Ukipima volti 5, mkondo unakuwa nusu miliampea na mshale unasimama katikati. Kilichobaki ni kuandika 0 hadi 10 kwenye uso wa chombo. Ukitaka kufika volti 50, weka omu 49,900. Ile swichi ya kuzungusha kwenye multimita ya fundi, upande wa volti, kazi yake ni kuchagua rezista.

Ikiwa ukinzani wa koili haujulikani, unapimika. Unga galvanomita na betri kupitia rezista kubwa sana inayorekebishika, uipunguze taratibu hadi mshale ufike mwisho. Kisha weka rezista nyingine ya kurekebishika sambamba na galvanomita, uizungushe mpaka mshale urudi nusu. Hapo mkondo umegawanyika sawasawa, na thamani ya rezista hiyo ya pili inakaribia sana ukinzani wa koili.

Je, kipimo chetu cha volti 10 kinaaminika? Chukua betri ya volti 9 na rezista mbili za omu 10,000 zilizofuatana. Kila moja inabeba volti 4.5. Unga voltimita yetu kwenye mojawapo: nayo ina omu 10,000, hivyo zikiwa sambamba zinakuwa kama rezista moja ya omu 5,000, na mshale unaonyesha volti 3. Hesabu haina kosa; ni kwamba chombo kimekula sehemu ya kile kinachopimwa, kama mpishi anayeonja mchuzi kwa upawa.

Multimita nyingi za mshale hutumia koili nyepesi zaidi kuhisi mkondo, ambayo mikroampea 50 zinatosha kuufikisha mshale mwisho. Kwenye kipimo hichohicho cha volti 10 ukinzani wake ni omu 200,000, na ingesoma takriban volti 4.39. Multimita nyingi za dijitali zina omu milioni 10, na kosa lake hapa halionekani kirahisi. Kwa hiyo unapochagua voltimita, usiishie kutazama volti za juu inazopima. Soma pia idadi ya omu zake kwa kila volti ya kipimo, maana ndiyo inayokuambia chombo kitachota umeme kiasi gani kutoka kwenye saketi yako.