Cheo cha Ireland Kilichomwangukia Mlowezi wa Kenya

Februari 1963, Kenya ikihesabu miezi kufikia Uhuru, John Cole, Earl wa tano wa Enniskillen, alifariki kwao Ireland Kaskazini. Mwanawe wa pekee alikuwa ametangulia mwaka 1956 bila kuacha mtoto. Cheo kikamwangukia David Cole, mwana wa ndugu yake, mlowezi aliyekuwa mjumbe wa baraza la kutunga sheria hapa Nairobi.

Kuna wanaodhani cheo kama hiki hufuata ardhi. Sivyo. Nyumba au kiwanja cha mtu hapa mtaa wa Jamhuri hugawanywa kwa wosia, na asipouacha, Sheria ya Urithi, iliyoanza kutumika mwaka 1981, humpa binti haki sawa na kaka yake. Cheo cha ukabaila hakina wosia. Hufuata maneno ya hati ya mfalme iliyokianzisha, na kwa kawaida hati hizo husema kwamba kitashuka kwa wana wa kiume, mkubwa kwanza, na vizazi vyao vya kiume. Mwenye cheo hawezi kukiuza wala kumchagua atakayemrithi. Yule mwana wa Earl wa tano, kabla ya kufa kwake, alikuwa ameikabidhi Florence Court, kasri ya ukoo, kwa shirika la National Trust. Cheo chenyewe hakikuguswa.

Akina Cole walipanda ngazi haraka: baroni mwaka 1760, Viscount mwaka 1776, Earl mwaka 1789. Kwa kuwa vyeo hivyo vilikuwa vya Ireland, havikutosha kuwapa kiti cha moja kwa moja katika Bunge la Mabwana kule London baada ya muungano wa Ireland na Uingereza wa 1801. Kiti kilikuja na cheo kingine, baroni wa Grinstead, walichopewa mwaka 1815.

Kanuni ya mkubwa kwanza ndiyo pia iliyowaacha wadogo watafute pa kwenda. Wadogo wawili wa Earl wa tano walikuja huku Kenya. Berkeley Cole alikuwa miongoni mwa waasisi wa Klabu ya Muthaiga, iliyofunguliwa 1913. Galbraith, babake David, alichukua maelfu ya ekari kando ya Ziwa Elmenteita. Mwaka 1911 alimpiga risasi na kumuua Mkikuyu aliyemshuku kuiba kondoo. Jopo la Wazungu watupu likamwachilia, na serikali, kwa aibu, ikamfukuza nchini, baadaye akarudi. Vitabu vya walowezi humsimulia kama shujaa wa nyika. Mimi naona msiba wa marehemu yule ndio unaostahili kutangulia katika historia ya ukoo huu, kabla ya mbio za farasi na karamu za Muthaiga.

David alifariki mwaka 1989, mwanawe Andrew akawa Earl wa saba. Mwaka 1999 Bunge la Uingereza liliwaondolea makabaila wengi haki ya kuketi kwa urithi, na kiti cha Grinstead kikaenda na maji.