Daktari Anayeuliza Kazi ya Baba

Mwaka 2020 jarida la The Lancet Planetary Health lilichapisha utafiti wa Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kuhusu watoto wanaozaliwa na kasoro za mwili. Watafiti, akiwemo Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, waliona hatari imezidi pale baba alipofanya kazi inayohusu madini. Mwaka 2018 Banza na wenzake walikuwa wametoa vipimo vya wakazi wa Kasulo, mtaa wa Kolwezi ambako watu walianza kuchimba kobalti chini ya nyumba zao mwaka 2014. Kobalti ilikuwa nyingi mwilini mwao, hasa kwa watoto.

Ugonjwa wa namna hii haujulikani kwa kumpima mgonjwa tu. Lazima mtu aulize baba anafanya kazi gani, nguo zake zinafuliwa wapi, mawe yanaoshwa karibu na kisima cha nani. Hayo ni maswali ya daktari wa familia, na Kolwezi inamhitaji mno.

Ni nini basi kinachomvuta mwanafunzi wa udaktari kwenye fani hiyo, au kumfukuza? Aliyekulia kijijini huelekea zaidi kurudi kuhudumia kijijini, ndiyo maana tangu 2010 Shirika la Afya Duniani linahimiza vyuo kupokea vijana wa huko. Mshahara nao una nguvu, na penye migodi nguvu hiyo huongezeka.

Lakini naamini kinachoamua zaidi ni nani mwanafunzi anamwona akiwa kazini. Katika hospitali kuu mwanafunzi humfuata daktari wa upasuaji na wa uzazi, akatamani kuwa kama wao. Akipelekwa kituo cha afya, anamkuta muuguzi ndiye msimamizi, akiwa peke yake na foleni ya akina mama. Hakuna daktari wa kumwiga. Anaondoka akiamini pale si mahali pa daktari.

Hata hivyo daktari wa namna hiyo anaweza kufundishwa: Uganda ilianza kufundisha mabingwa wa udaktari wa familia mwaka 1989, na Chuo Kikuu cha Moi, Kenya, mwaka 2005. Kongo yenyewe ina hospitali ya Vanga, mkoani Kwilu, inayowafundisha, ila Kwilu ni mbali sana na Lualaba, mkoa wa Kolwezi. Pa kuanzia pangekuwa Manika au Dilala, huko Kolwezi: daktari mmoja wa familia katika kituo kimoja cha afya, na kila mwanafunzi akabidhiwe kaya moja ya mchimbaji aitembelee mwaka mzima, baba, mama na watoto.