Python: Manahodha wengi, chombo huenda mrama

Vijana wa hapa Pwani wanaoanza kujifunza kuandika programu huniuliza swali moja: mbona lugha ya Python yenyewe ni nyepesi, lakini kuweka vifurushi vyake kwenye kompyuta ni kazi ya kutoa jasho?

Kwanza tuelewane. Kifurushi ni kazi iliyokwisha kuandikwa na mtu mwingine, ukaitumia badala ya kuanza upya. Ghala kuu la vifurushi vya Python, PyPI, lipo tangu 2003. Tatizo si ghala. Tatizo ni vyombo vya kubebea mzigo.

Guido van Rossum aliitoa Python mwaka 1991. Zana ya kwanza ya vifurushi, distutils, iliingizwa mwaka 2000, lakini haikujua kufuata vifurushi vingine ambavyo kifurushi chako kinavitegemea. Mwaka 2004 ikaja setuptools kuziba pengo hilo. Mwaka 2007 ikaja virtualenv, ili kila mradi uwe na chumba chake. Mwaka 2008 ikaja pip. Wanasayansi, ambao vifurushi vyao vimechanganya lugha nyingine kama C na Fortran, wakaona haiwatoshi, wakapata conda mwaka 2012. Baadaye zikafuata Pipenv, Poetry, na mwaka 2024 uv.

Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja aliona tundu akaliziba. Lakini hapakuwa na nahodha wa kusema, "Tutatumia hii." Linganisha na lugha ya Rust: toleo lake la kwanza rasmi lilipotoka 2015, zana yake Cargo ilikuja nayo, na watu wakaizoea hiyo hiyo.

Anayeumia ni mwanafunzi. Somo moja la mtandaoni linamwambia hivi, la pili linamwambia vile. Anachanganya conda na pip, matoleo yanagongana, anafuta vyote na kuanza upya. Kwetu sisi, kila kuanza upya ni bando limekwisha, na bando ni pesa. Nimewaona wenye vipaji wakikata tamaa wakidhani hawana akili ya kompyuta, na kumbe hata programu yenyewe hawajaanza kuiandika.

Mambo yananyooka polepole. Tangu 2016 kuna makubaliano juu ya faili moja ya maelezo, pyproject.toml, na distutils iliondolewa katika Python 3.12 mwaka 2023.

Kwa anayeanza leo, ushauri wangu ni huu: shika njia moja. Venv na pip huja pamoja na Python ukiiteremsha kutoka kwa wenyewe, na zinatosha. Kila mradi upe chumba chake. Andika vifurushi na matoleo yake katika faili, ili mwenzako aweze kuviweka vile vile. Ukishazoea, ndipo ujaribu uv au nyingine.

Nanyi walimu wetu, kabla ya somo la kwanza, kubalianeni zana moja kwa darasa zima. Mtoto aje kujifunza lugha, si kuamua ugomvi wa mafundi.