Lopango nzuri, watoto salama

Mvua ikianza inabeba udongo wa lopango zetu. Kiangazi kikifika, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria. Yote mawili tunaweza kuyapunguza bila pesa nyingi.

Kwanza njia. Toka mlangoni mpaka barabarani tupange vipande vya matofali ya kuchoma juu ya mchanga, katikati pakiinuka kidogo ili maji yateremkie pembeni. Penye mteremko tupande sinda kwa mstari, karibu karibu: mizizi inashika udongo, majani tunapikia chai. Palipo wazi tupande matembele. Yanatambaa, yanafunika udongo, na tunakula.

Lakini tuangalie mawe yetu. Likasi ni mji wa shaba na kobalti. Mawe na mchanga wa mabaki ya migodi, hata tukivipata bure, vinaweza kuwa na madini yenye sumu, na watoto wetu wanacheza chini, kisha wanatia vidole mdomoni. Kabla ya kununua mchanga, tuulize umetoka wapi. Mboga tuzioshe vizuri, vumbi litoke.

Lopango inapendeza kweli pale mtoto anapoweza kukaa chini bila mama kuogopa.